Sikio la Msafiri Hutunzwa Kabla ya Kupanda Ndege

Usafiri wa anga si anasa ya wachache tena katika Afrika Mashariki. Mfanyabiashara wa Mwanza huenda Dar es Salaam asubuhi akarudi jioni. Mgonjwa wa rufaa kutoka Kigoma hufikishwa hospitalini kwa saa chache badala ya kukaa barabarani usiku na mchana. Mahujaji huondoka kila mwaka kuelekea Jeddah, na wanafunzi, wanamichezo na wazazi wenye watoto wachanga hupishana viwanjani. Wengi wao hukutana angani na tatizo moja la kiafya ambalo ni nadra kuzungumzwa katika vituo vya afya: maumivu ya sikio, na hisia kwamba sikio limeziba na haliko tayari kuzibuka.

Tatizo hili huchukuliwa kuwa sehemu ya safari, kama mtikisiko wa gari kwenye barabara ya vumbi. Abiria huambiwa avumilie. Akibahatika, jirani wa kiti humpa pipi. Asipobahatika, hupewa ushauri wa kuziba pua na kupuliza kwa nguvu zote, na akifika nyumbani hutiwa mafuta ya moto sikioni. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maumivu haya huweza kuzuiwa, lakini kinga yake hutolewa kwa kuchelewa na mahali pasipofaa. Mahali pake ni kliniki, duka la dawa na dawati la chanjo za wasafiri. Kinachohitajika hapo ni swali moja tu, ambalo mtoa huduma anapaswa kumwuliza kila mwenye mafua, kila mwenye tatizo la sikio na kila mzazi wa mtoto mdogo: je, kuna safari ya ndege?

Kinachotokea ndani ya sikio

Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa kilichoko nyuma ya kiwambo cha sikio. Njia yake ya kupitisha hewa ni mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Kwa mtu mzima mrija huo una urefu wa takriban sentimita tatu na nusu. Huitwa mrija wa Eustachi, kwa kumbukumbu ya Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16. Wakati mwingi mrija huu huwa umefumba. Hufunguka kwa muda mfupi sana mtu anapomeza mate au kupiga miayo, kwa sababu misuli ya kaakaa huuvuta. Kila unapofunguka, hewa ya chumba cha ndani husawazishwa na hewa ya nje, na kiwambo kikabaki kimetulia kati ya pande mbili zenye nguvu sawa.

Ndege kubwa ya abiria huruka katika kimo cha mita 10,000 na zaidi, ambako mgandamizo wa hewa ya nje haufiki theluthi moja ya ule wa usawa wa bahari. Mitambo hudhibiti hewa ya ndani ili binadamu aweze kuishi, lakini haiifanyi iwe sawa na ya pwani. Viwango vya usanifu wa ndege huruhusu hewa ya ndani iwe nyepesi kama ya mlima wa futi 8,000, yaani takriban mita 2,400. Baadhi ya ndege mpya, kama Boeing 787, hupunguza kimo hicho hadi takriban mita 1,800. Kwa maneno mengine, abiria aliyeketi kwenye kiti chake hupanda mlima na kuuteremka bila kutembea hata hatua moja.

Ndege inapopaa, hewa iliyomo sikioni hutanuka. Kufikia kimo cha futi 8,000 huwa imetanuka kwa takriban theluthi moja. Hewa hii ya ziada hujisukumia nje kupitia mrija bila msaada wa mtu, na abiria husikia mlio mdogo wa kuzibuka. Ndiyo sababu kupaa huwasumbua wachache.

Kushuka ni habari nyingine. Hewa ya nje huongezeka uzito, na ile ya sikioni husinyaa. Kiwambo huvutwa kuelekea ndani. Safari hii hewa haiwezi kujiingiza yenyewe, kwa maana mdomo wa mrija upande wa koo ni laini na hubanwa na mgandamizo uleule unaotaka kuingia. Ni lazima misuli iufungue. Tofauti ya mgandamizo ikifikia takriban milimita 90 za zebaki, mrija hujifunga kabisa, na misuli haina tena nguvu ya kuufungua. Kuanzia hapo kiwambo huvimba na kuwa chekundu, utando wa sikio la kati huvuja majimaji au damu, na kwa baadhi ya watu kiwambo huchanika.

Wapiga mbizi wa pwani, wanaozamia pweza na majongoo bahari, wanalifahamu jambo hili kwa uzoefu kuliko abiria yeyote. Kushuka kutoka mgandamizo wa futi 8,000 hadi usawa wa bahari ni mabadiliko ya karibu milimita 195 za zebaki, sawa na kuzama majini takriban mita mbili na nusu. Mpiga mbizi hasubiri sikio liume ndipo alifungue. Hulifungua tangu anapoanza kuzama na huendelea kulifungua kadiri anavyoshuka. Abiria anapaswa kufanya vivyo hivyo.

Njia ya safari nayo ina maana

Watoa huduma wengi hudhani kuwa urefu wa safari ndio unaoamua maumivu. Kinachoamua zaidi ni tofauti kati ya hewa ya ndani ya ndege na hewa ya mahali inapotua, pamoja na kasi ya mabadiliko hayo. Mwanza uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza katika ndege ambayo hewa yake ya ndani imefikia kiwango cha futi 8,000 hushuka takriban nusu tu ya mlima alioupanda. Akirudi, huushuka wote. Hivyo basi, mtu anaweza kwenda salama na akaumia wakati wa kurudi, hasa kama amepata mafua huko alikokuwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Addis Ababa, ambako wasafiri wengi wa kanda hii hubadilisha ndege. Uwanja wake uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kiwango cha juu cha hewa ya ndani ya ndege. Anayetua hapo husikia mabadiliko madogo tu masikioni. Kutokana na hilo asidhani kwamba safari nzima itakuwa hivyo. Mteremko wenyewe unamsubiri mwishoni mwa ndege ya pili, atakapotua katika mji ulio karibu na usawa wa bahari.

Katika ndege ndogo zisizo na mitambo ya kudhibiti mgandamizo, sikio hupokea kimo halisi cha ndege. Safari fupi ya Dar es Salaam hadi Unguja hufanyika chini, hivyo tofauti huwa si kubwa. Kwenda kwenye mbuga za bara kwa ndege kama hizo huweza kumpandisha abiria maelfu ya futi na kumshusha kwa kasi ambayo sikio lenye mafua haliwezi kuifuata. Ikumbukwe pia kuwa hewa huzidi kuwa nzito karibu na ardhi, kwa hiyo kila futi 1,000 za mwisho hubadilisha mgandamizo kuliko futi 1,000 za juu. Dakika za mwisho kabla ya kutua ndizo zenye hatari zaidi.

Mambo yanayosaidia

Ushauri wa kwanza ni wa wakati: kazi ianze mara tu ndege inapoanza kushuka, kwa kawaida takriban nusu saa kabla ya kutua, wala isingojee maumivu. Abiria awe macho. Aliyelala humeza mate mara chache sana, na wengi wanaoamka na maumivu makali ni wale waliosinzia hadi magurudumu yalipogusa ardhi. Amwombe mhudumu au jirani amwamshe.

Ushauri wa pili ni kumeza. Maji yanywewe kwa mafunda madogo madogo. Pipi ya kumung'unya au jojo ya kutafuna huongeza mate na humfanya mtu ameze mara kwa mara. Kupiga miayo kwa makusudi na kusogeza taya mbele na nyuma husaidia pia.

Ushauri wa tatu unahusu mbinu za kuzibua, ambazo hufundishwa vibaya kuliko kitu kingine chochote katika somo hili. Mbinu maarufu ni ile iliyobeba jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Italia aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu sikio. Mtu hufunga mdomo, hubana pua kwa vidole, kisha hupuliza polepole kana kwamba anajaza puto laini, kwa sekunde chache. Neno la msingi hapa ni polepole. Kupuliza kwa nguvu huweza kujeruhi sikio la ndani, na kwa mwenye kamasi nzito huweza kusukuma uchafu wa pua hadi sikio la kati. Mwenye ugonjwa wa moyo asiitumie bila kushauriana na daktari wake.

Mbinu iliyo salama zaidi ni ya Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa London katika karne ya 19: mtu hubana pua na kumeza mate. Ni rahisi kuifundisha na haihitaji nguvu. Mgonjwa aoneshwe kliniki, aifanye mbele ya mtoa huduma mara mbili au tatu, na asikie mwenyewe mlio wa sikio likifunguka. Asiyeweza kulifungua sikio lake akiwa ameketi kwenye benchi la kliniki hawezi kulifungua angani. Jaribio hilo dogo peke yake linatosha kumtambua msafiri aliye hatarini.

Vizibo maalumu vya masikio vinavyouzwa kwa wasafiri hupunguza kelele na huenda vikamliwaza mvaaji, lakini ushahidi kwamba vinazuia madhara ni hafifu. Vikombe vyenye karatasi iliyoloweshwa maji ya moto, ambavyo abiria huwekewa masikioni, havifiki kwenye mrija wenye tatizo, na maji hayo yameshawahi kuwaunguza watu. Mazoea hayo yaachwe.

Dawa ni msaada wenye masharti

Swali linalofika sana kwenye maduka ya dawa ni hili: ni kidonge gani kinywewe kabla ya safari? Jibu la haki lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni kwamba zipo dawa zinazosaidia baadhi ya watu. Majaribio yaliyochapishwa katika miaka ya 1990 yaliwahusisha watu wazima waliokuwa na historia ya kuumwa masikio ndegeni. Waliomeza miligramu 120 za sudoefedrini nusu saa kabla ya kuruka walipata maumivu kwa takriban nusu ya kiwango cha waliopewa kidonge kisicho na dawa. Dawa ya kupuliza puani ya oksimetazolini ilipopimwa kwa namna hiyo haikuonyesha tofauti kubwa, ingawa kwa mwenye pua iliyoziba bado inaweza kumpa nafuu ya kupumua na kujaribiwa kabla ndege haijaanza kushuka. Mwenye mzio wa pua hufaidika zaidi akianza dawa yake ya mzio siku kadhaa kabla ya safari, maana dawa za kupuliza zenye steroidi hazifanyi kazi kwa saa moja.

Upande wa pili ni kwamba dawa hizi si peremende. Sudoefedrini hubana mishipa ya damu. Haifai kwa mwenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa, mwenye ugonjwa wa moyo au ugonjwa mkali wa figo. Mwenye glakoma, mwenye tezi dume iliyokua inayozuia mkojo na mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi wanahitaji ushauri wa daktari kwanza, na mjamzito vilevile. Matone na dawa za kupuliza puani zikitumika zaidi ya siku chache mfululizo huifanya pua izibe zaidi kuliko mwanzo, na mgonjwa akawa mtumwa wa chupa. Tena, vidonge vingi vya mafua huwa na fenilefrini badala ya sudoefedrini. Mnamo Septemba 2023 jopo la washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani lilihitimisha kuwa fenilefrini inayomezwa, kwa dozi zinazouzwa, haizibui pua. Muuza dawa anayempa msafiri kidonge cha aina hiyo humpa matumaini tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuza dawa ya kuzibua pua, mtoa huduma apime shinikizo la damu na aulize magonjwa mengine. Huchukua dakika tano, na jirani wa kiti hana uwezo wa kufanya hivyo angani.

Watoto wadogo

Mrija wa Eustachi wa mtoto ni mfupi, umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, na misuli yake haijakomaa. Watoto pia hupata mafua mara nyingi zaidi. Kilio cha mtoto ndege inaposhuka mara nyingi ni lugha ya maumivu, na kinastahili kujibiwa hivyo.

Mama anyonyeshe wakati wa kushuka, au mtoto apewe chupa akiwa ameinuliwa kichwa, au anyonye chuchu bandia. Kwa hiyo ni vyema asishibishwe kabla ya wakati huo. Mtoto mkubwa kidogo apewe maji kwa kikombe au mrija wa kunywea. Pipi ngumu na jojo wasipewe watoto wadogo, kwa sababu huweza kuwakaba. Dawa za kuzibua pua za kumeza hazina nafasi hapa: sudoefedrini ilipojaribiwa kwa watoto wadogo wasafiri haikupunguza maumivu, bali iliwafanya wasinzie. Mtoto aliyesinzia hamezi, na asiyemeza hafungui mrija.

Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka anahitaji uangalizi wa pekee, maana misuli inayopaswa kuuvuta mrija haijashikana sawasawa. Akisafirishwa kwa ndege kwenda kufanyiwa upasuaji, masikio yake yachunguzwe kabla. Mzazi wa mtoto aliyewekewa vijirija vya kupitisha hewa kwenye kiwambo huwa na hofu kubwa zaidi, ilhali sababu ni ndogo zaidi: vijirija hivyo vikiwa wazi, mgandamizo husawazika wenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu mwenye tundu la siku nyingi katika kiwambo. Waliofanyiwa upasuaji wa sikio hivi karibuni wasipange safari kabla ya kumwuliza daktari aliyewapasua.

Mahujaji na nafasi inayopotea

Hakuna kundi linaloonyesha haja ya ushauri wa mapema kama mahujaji. Wengi ni watu wa makamo na wazee. Wapo kati yao wenye shinikizo la damu na kisukari. Sheria za Saudi Arabia huwataka wachanjwe dhidi ya homa ya uti wa mgongo, hivyo kila mmoja wao hukutana na mtoa huduma za afya kabla ya kuondoka. Huko waendako hukaa katika msongamano mkubwa wa watu kutoka pande zote za dunia, na mafua na kikohozi ni maradhi ya kawaida katika ibada hiyo. Kisha hupanda ndege na kurudi nyumbani pua zikiwa zimeziba, na hutua Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, yaani kwenye usawa wa bahari.

Hapo yamekutana mambo yote matatu: mafua, mteremko mrefu, na mwili usiofaa kupewa dawa ya kuzibua pua bila uangalizi. Hata hivyo hujaji aliyepokea sindano na kadi ya chanjo huondoka bila neno moja kuhusu masikio yake. Katika semina ambapo huelekezwa manasiki, viatu na unywaji wa maji, dakika tano za kufundishwa kubana pua na kumeza mate zingemfaa kwenda na kurudi. Hilo halihitaji bajeti wala mtaalamu bingwa. Muuguzi wa chanjo anatosha.

Baada ya kutua, swali ni lilelile

Sikio lililoziba kidogo baada ya safari kwa kawaida hufunguka ndani ya saa au siku chache. Dawa ya kawaida ya maumivu na kuendelea kumeza na kupiga miayo hutosha. Kinacholeta madhara ni haraka ya kutia vitu sikioni: mafuta ya moto, maji ya kitunguu, maziwa ya mama, dawa za mitishamba au pamba za vijiti. Tatizo liko nyuma ya kiwambo, na hakuna kati ya hivyo kinachoweza kulifikia. Kama kiwambo kimechanika, vitu hivyo hupenya ndani na kupanda maambukizi mahali palipokuwa safi.

Kwa upande wa mtoa huduma, kosa la kawaida ni la dawa. Kiwambo chekundu cha msafiri hufanana na kiwambo cha sikio lenye maambukizi. Asipouliza kuhusu safari, ataandika antibayotiki. Jeraha la mgandamizo halitokani na bakteria, na antibayotiki haitalitibu. Itaongeza tu gharama kwa mgonjwa na usugu wa vimelea kwa jamii. Kiwambo kilichochanika kwa kawaida hujiponya chenyewe ndani ya wiki chache. Mgonjwa azuie maji yasiingie sikioni, asipulize pua kwa nguvu, na achunguzwe tena hadi kiwambo kifunge na usikivu urejee.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri. Usikivu uliopotea ghafla, kizunguzungu kikali cha kuona vitu vinazunguka, au mlio mpya wa sikio usiokoma, ni ishara kwamba sikio la ndani limejeruhiwa. Huyu apelekwe kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo, kwa sababu tiba ya upotevu wa ghafla wa usikivu hufanya kazi vyema katika siku za mwanzo. Anayetoka damu au usaha sikioni, mwenye homa, au ambaye sikio lake halijafunguka baada ya siku kadhaa, naye aonwe.

Ipo dalili nyingine ambayo husahaulika. Mtu mzima ambaye sikio moja limebaki limeziba na kujaa majimaji kwa wiki nyingi asiendelee kuambiwa kuwa ni ile safari ya ndege. Sehemu ya nyuma ya pua yake ichunguzwe, maana uvimbe wa hapo, ikiwemo saratani, huweza kuziba mdomo wa mrija na kujitambulisha kwa dalili hiyo peke yake.

Pingamizi na jibu lake

Atasema mtu kwamba foleni za vituo vya afya ni ndefu, malaria na kisukari vinangoja, na sikio la abiria ni jambo dogo. Ni kweli kwamba wengi hupona bila tiba. Lakini udogo wa jambo hupimwa pia kwa gharama ya kulizuia, na hapa gharama ni swali moja na maelekezo ya dakika chache. Anayetoa hoja hiyo aipime pia na gharama ya upande wa pili: usikivu wa mtu mmoja usiorudi, antibayotiki zilizoandikwa bure, na mzee aliyepandishwa shinikizo la damu na kidonge cha mafua alichonunua akiwa njiani kwenda uwanjani.

Atasema mwingine kwamba kumshauri mwenye mafua aahirishe safari ni anasa, kwa sababu tiketi haibadilishwi bila faini na mgonjwa wa rufaa hana siku ya kuchagua. Pingamizi hili lina uzito. Mwenye mafua makali, maambukizi makali ya sikio au ya pango za uso bado anastahili kuambiwa kwamba kuahirisha siku chache ndiyo kinga bora kuliko zote, kisha uamuzi ubaki kwake. Akilazimika kusafiri, apewe mpango: dawa gani, saa ngapi, mbinu ipi, na dalili zipi zimrudishe hospitalini. Mpango huo unafaa hata uandikwe nyuma ya cheti.

Mashirika ya ndege nayo yana sehemu yake. Abiria hutangaziwa wafunge mikanda na kuinua viti. Sentensi moja ya Kiswahili ndege inapoanza kushuka, ikiwataka waamke, wameze mate na kuwanyonyesha watoto, ingewafikia watu wote kwa wakati unaofaa kabisa. Lakini tangazo hilo litawasaidia zaidi wale ambao tayari wamefundishwa. Waswahili husema tahadhari kabla ya hatari, na katika jambo hili hatari huanza takriban nusu saa kabla ya kutua. Tahadhari ianze siku mgonjwa anapoketi mbele ya muuguzi akiwa na mafua, na muuguzi akamwuliza anasafiri lini, kwa chombo gani.